Ndago imerudi kwa sababu umeilima

Kila mvua zikikaribia swali juu ya gugu hili la ndago ni lile lile, na wiki hii limezidi: "Bwana shamba, nimelima ndago yote, mbona imerudi nyingi kuliko mwanzo?" Imerudi nyingi kwa sababu umeilima. Jibu hilo peke yake linaumiza, hasa kwa mtu aliyelipa vibarua siku tatu, kwa hiyo naomba nilieleze mpaka mwisho.

Kwanza uhakikishe ni ndago. Shika shina karibu na maua, uliviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Linakataa kuviringika, lina pembe tatu. Likate kwa wembe: ndani limejaa, na tangu chini hadi juu halina kifundo hata kimoja. Nyasi zina vifundo. Sangari, ambayo watu huichanganya na ndago kila siku, ina vifundo. Maua ya ndago ni zambarau inayoelekea hudhurungi. Ukikuta ya njano ya dhahabu, hiyo ni ndugu yake mwenye vijiazi vya kutafuna vyenye ladha tamu, na kila kiazi chake hukaa peke yake kwenye ncha ya uzi wa chini ya ardhi. Ndago za kwenye majaluba ya mpunga nyingi ni za msimu mmoja, zinaota kwa mbegu, na dawa yake ni nyingine.

Kwa nini nasisitiza shina? Kwa sababu mtu anaingia duka la pembejeo, anaomba "dawa ya nyasi" ya kupuliza kwenye maharage, anapewa fluazifopu, anapuliza, nyasi zinakauka na ndago inabaki kijani. Kisha anasema dawa ni feki. Dawa ni nzima. Inaua jamii ya nyasi, na ndago si nyasi. Atrazini, dawa ya magugu ya kwenye mahindi, nayo haiimalizi ndago.

Sasa twende chini, maana huko ndiko kosa lilipo. Usivute mche, utabaki na majani mkononi. Piga jembe sentimita 20 pembeni ya shina, inua bonge zima, ulisuuze taratibu kwenye ndoo ya maji. Utaona uzi mweusi mgumu kama waya unatoka kwenye kitako cha mche, unaingia kwenye kiazi cha ukubwa wa karanga, unatokea upande wa pili, unaingia kwenye kingine, na kingine tena, kama tasbihi. Kikate kimoja: ndani ni cheupe, kina harufu ya manukato, na ukikionja ni kichungu.

Katika tasbihi hiyo, kiazi kilichotangulia kuchipua huwazuia wenzake. Uzi ukiwa mzima, vingi vinalala. Jembe likipita likaukata sehemu nne, umepata vipande vitano, na kila kipande sasa hakina wa kukizuia. Uliona mche mmoja, baada ya siku kumi utaona mitano. Samadi ya jirani, ambayo wengi huilaumu, haihusiki.

Hapa wengine wananielewa vibaya, wanasema nimekataza jembe. Sijakataza. Nakataza jembe la mara moja. Kila chipukizi linakula akiba ya kiazi. Mche mchanga haujalipa deni hilo. Ukiachwa mwezi na zaidi umeshalipa na umeanza kutunga viazi vipya. Kwa hiyo palilia kila baada ya wiki mbili au tatu, kabla mche haujafikisha majani sita, bila kuruka zamu. Ukiruka moja, umeirudishia akiba. Kwa bustani ya robo ekari inawezekana. Kwa ekari tatu na vibarua wa kulipwa, mimi mwenyewe sikushauri, hata kama vitabu vinaliandika kana kwamba ni jambo jepesi.

Shamba kubwa litegemee jua. Baada ya mavuno, kiangazi kikiwa kimeshika, piga plau sentimita 15 hadi 20, kisha pitisha haro ya kuvunja mabonge mara mbili ili viazi vitoke juu na viachane na mizizi. Vinahitaji kama wiki mbili za jua kali. Kiazi ambacho bado kimeshikana na mzizi wa chini kinaendelea kunywa maji, hakifi. Na mvua ikinyesha katikati ya zoezi, umeipanda ndago kwa trekta.

Nailoni nyeusi ya matandazo inatobolewa. Ncha ya chipukizi ni kama sindano. Kivuli kinasaidia sana kwa kuwa ndago haikipendi: kunde, fiwi, matembele yaliyofunga ardhi. Ila kivuli kinainyima chakula tu, viazi hubaki vinangoja. Kitunguu na karoti usipande kabisa kwenye ndago, majani yake hayafuniki kitu.

Ukitumia glifoseti, dawa inayoua magugu ya aina nyingi, puliza kabla ya kupanda: lita 4 kwa hekta kwa ile ya gramu 360 kwa lita, isipokuwa lebo iseme vingine. Usipime kwa kifuniko. Puliza maji matupu kwanza uone bomba linafika wapi. Bomba la lita 16 likimaliza mita za mraba 800, basi ni mililita 320 kwa bomba. Maji yawe safi, kwa sababu tope huishika dawa ikashindwa kufanya kazi. Ndago iwe na majani mengi ya kijani, hujaifyeka, haijanyauka kwa ukame. Kisha usiguse shamba siku 14. Dawa inasafiri hadi kwenye viazi vilivyo macho. Vilivyolala haviipati vya kutosha, ndiyo maana unapuliza duru ya pili vikishachipua. Lebo ikisema "inadhibiti", haijasema "inamaliza". Ndani ya mahindi au miwa ipo dawa ya ndago iitwayo halosulfuroni, lakini soma muda wa kusubiri kabla ya kupanda kabichi au kitunguu hapo, ni mrefu.

Viazi ulivyochimba usitupe kwenye mboji. Vianike juu ya bati mpaka vikatike kwa mlio, kisha choma. Na trekta ya kukodi ikifika, mwombe dereva akwangue udongo wa plau, unaoweza kubeba viazi vya ndago, akiwa bado barabarani.