Thurea kuu ya nyumba: ni nini, na inatundikwaje

Thurea ni taa ya kuning'inia yenye matawi au matabaka ya balbu, iliyotengenezwa imulike na pia itazamwe. Taa ya kawaida ya darini ukiizima unaisahau. Thurea hata ikiwa imezimwa inaendelea kufanya kazi yake, kwa sababu umbo lake ni sehemu ya chumba. Thurea kuu basi ni ile moja iliyochaguliwa iwe kitu cha kwanza jicho linachokutana nacho mtu akivuka mlango. Sofa, zulia, pazia na rangi ya ukuta hupangwa kwa kuifuata yenyewe.

Ukubwa peke yake haufanyi thurea iwe kuu. Yenye upana wa sentimita 60 kwenye chumba cha kuta nyeupe na dari tupu inatawala bila shida. Yenye upana wa mita nzima inapotea ikiwekwa chini ya dari la jipsamu la ngazi tatu lenye vijitaa vya pembeni kila hatua, mikanda ya taa za buluu na zambarau, na taa nyingine nne ukutani. Dari la namna hiyo limeenea sana kwenye nyumba mpya za miji yetu, na ni zuri kivyake, lakini kazi ya kuvuta macho limeshaichukua. Ukitaka thurea, acha dari liwe tulivu. Ukipenda madoido ya dari, nunua taa za kawaida na pesa iliyobaki uweke kwenye samani.

Umbo hili lina historia ndefu kuliko umeme. Kabla ya balbu, mwanga wa usiku ulitoka kwenye mishumaa au mafuta, na vyote vilikuwa ghali. Kipande cha kioo kilichochongwa pembe nyingi kinaugawa mwali mmoja na kuutupa pande zote, hivyo mishumaa michache ikaonekana mingi. Mwaka 1674 huko Uingereza George Ravenscroft alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi, ya kioo alichokuwa akikitengeneza, kioo ambacho baadaye kilichanganywa na oksidi ya risasi. Kioo hicho ni kizito, kinachongeka vizuri, na kinaupinda mwanga zaidi ya kioo cha dirisha, ndiyo maana kinatoa vimulimuli vya rangi. Thurea za vioo tunazoziona leo zinatokana na ufundi huo, pamoja na ule wa Bohemia, nchi ya Cheki ya leo, na wa Murano kule Italia.

Wasomaji wenye ndugu Oman huenda wameshasimama chini ya mfano mkubwa kabisa: Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos mjini Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001. Thurea ya ukumbi wa swala ina urefu wa mita 14, upana wa mita 8, uzito wa zaidi ya tani 8 na vipande 600,000 vya kioo. Ni kubwa mno ukiitaja kwa takwimu, lakini ukiwa pale haionekani imezidi, kwa sababu kuba lililo juu yake linafikia mita 50. Taa imechukua zaidi kidogo ya robo ya kimo hicho. Uwiano wa nyumbani hauko mbali na hapo, na ndiyo sababu kazi ya kuchagua inaanza na futi ya kupimia kabla ya kwenda dukani.

Kipimo cha kwanza ni upana. Jumlisha urefu na upana wa chumba kwa mita, kisha zidisha kwa 8. Jibu ni upana wa thurea kwa sentimita. Sebule ya mita 5 kwa 4 inatoa 9, mara 8 ni 72. Thurea ya sentimita 70 hadi 75 itaikaa vizuri. Kwa juu ya meza ya chakula kanuni inabadilika: upana wa taa uwe kati ya nusu na theluthi mbili za upana wa meza, ili mtu akiinuka asigonge kichwa.

Kipimo cha pili ni kimo cha taa yenyewe, nacho ndicho kinachowaangusha wengi. Kila mita ya kimo cha chumba inabeba sentimita 20 hadi 25 za taa. Nyumba nyingi zina dari la mita 2.7, ambalo kwa hesabu hiyo linabeba taa ya sentimita 54 hadi 67. Sasa ongeza sharti la kichwa: mahali ambapo watu wanapita, ncha ya chini ya thurea isishuke chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni. Mita 2.7 ukitoa 2.1 unabaki na sentimita 60, na humo unahesabu kila kitu, yaani kikombe cha darini, mnyororo, mwili wa taa na tone la mwisho la kioo. Dukani taa inatundikwa kwenye dari la mita 4 na mnyororo wake umevutwa juu, kwa hiyo inaonekana ndogo. Ikifika nyumbani inaning'inia usawa wa paji la uso.

Dari likiwa fupi, ipeleke mahali ambapo watu hawapiti chini yake. Juu ya meza ya chakula ncha yake inaweza kushuka hadi sentimita 75 au 90 juu ya ubao wa meza, na hapo hata taa ndefu kiasi inakubali. Kwenye ghorofa, tundu la ngazi ndilo mahali pazuri kuliko pote: kuna kimo, hakuna kichwa cha mtu, na inaonekana toka juu na chini.

Nyumba za mawe za Unguja, Lamu na Mombasa zina hesabu yake. Upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vingi ni vyembamba, upana kama mita 2.5 hadi 3, lakini virefu na dari lake liko juu. Thurea moja pana katikati inaacha miisho yote miwili gizani. Bora mbili au tatu ndogo, zenye umbo la kushuka, zipangwe kwa mstari wa urefu wa chumba.

Kwa watu wa pwani na wa Dar es Salaam liko swali jingine ambalo vitabu vya mapambo vya nchi za baridi havilitaji, nalo ni pangaboi. Katikati ya dari tayari pana mwenyewe. Kuvitia viwili karibu ni kosa: upepo unayumbisha matone ya kioo, yanagongana usiku kucha, na mapanga yakikata mwanga chumba kizima kinapepesa. Kama joto halikuruhusu kuliondoa pangaboi, libaki sebuleni na thurea ihamie kwenye meza ya chakula. Nadhani hilo ndilo suluhisho bora hata pasipokuwa na joto, kwa kuwa mezani ndipo watu wanapokaa wakatazamana.

Kuhusu mtindo sina mengi ya kusema, kila mtu na jicho lake. La muhimu ni mali iliyotumika. Kioo halisi ukikishika ni baridi na kizito. Plastiki iliyochongwa mfano wake ni nyepesi, ina uvuguvugu mkononi, na baada ya muda inageuka manjano. Karibu na bahari epuka chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu au kromu, kwa maana hewa ya chumvi inaingia kwenye mkwaruzo mdogo na kutu inaanzia hapo. Shaba au chuma cha pua kinadumu.

Angalia pia balbu zinavyokaa. Siku hizi ziko thurea za pete ambazo taa za LED zimegandishwa ndani. Zinapendeza, lakini umeme wetu unapanda na kushuka, na kile kifaa kidogo cha kuendeshea LED kikiungua, mara nyingi hakuna kipuri na taa nzima imekufa. Mimi nachagua yenye holda, ambayo balbu ikiungua unabadilisha moja. Holda nyingi za thurea ni za skrubu nyembamba, E14. Balbu za kawaida ni za skrubu pana, E27, au za pini. Nunua na akiba, maana balbu za E14 haziko kila duka la mtaani. Thurea iliyotoka Oman au Dubai inafuata umeme unaokaribiana na wetu. Iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ilitengenezwa kwa volti 120, na balbu zake zikiguswa na 230 au 240 zinaungua papo hapo. Hiyo fundi abadilishe holda na nyaya kwanza.

Chagua balbu ya kioo kisicho na ukungu, kwa kuwa vimulimuli vinatokana na nukta kali ya mwanga. Balbu ya maziwa inavizima. Rangi ya mwanga iwe ya umanjano, kelvini 2700 hadi 3000. Ile nyeupe ya 6500 iliyojaa madukani inafanya kioo kiwe cha buluu na nyuso za wageni zipauke. Balbu 12 za zamani za wati 40 zinakula wati 480, yaani uniti 2.4 kwa saa 5 za jioni. Za LED za wati 4 zinakula uniti 0.24 kwa muda huohuo, na hazikipashi chumba joto.

Sasa kutundika. Jambo la kwanza kabisa: jipsamu haishiki thurea. Ubao wake una unene wa milimita 9 au 12, umeshikwa kwa skrubu kwenye fremu nyembamba za bati, nao ulikusudiwa kujibeba wenyewe. Thurea ya kilo 15 iliyofungwa kwenye jipsamu inaweza kukaa wiki, ikakaa hata mwaka, kisha ikashuka na kipande cha dari. Uzito lazima uvuke jipsamu na kufika kwenye kitu kinachobeba nyumba.

Kitu hicho kinategemea ujenzi. Chini ya ghorofa ni zege: fundi anatoboa zege na kufunga bolti ya kutanuka yenye pete, na kutoka hapo mnyororo au fimbo ya chuma inashuka kupitia tundu la jipsamu. Ikiwa mjenzi aliacha kulabu ya pangaboi ndani ya zege, hiyo ni bora zaidi, mradi iwe imepindiwa juu ya nondo na siyo kuchomekwa tu baada ya zege kukauka. Nyumba ya bati, panda juu ya dari uangalie kenchi. Mbao mbili za chini za kenchi zinaunganishwa kwa kipande cha mbao ya mbili kwa nne kilichosimama kwa ubavu wake mwembamba, na bolti ya pete inapita katikati yake ikiwa na nati na washa pana juu. Misumari peke yake haifai, kwa kuwa uzito unaivuta kila saa kuelekea chini. Nyumba ya boriti, usitoboe boriti moja na kuitwika mzigo wote, hasa kama mchwa au maji ya mvua yameshaigusa. Pitisha chuma juu ya boriti mbili au tatu zilizo nzima.

Kabla ya kuleta taa, ijaribu pete. Kwa thurea ya kilo 20, tundika mfuko wa saruji wa kilo 50 usiku mzima, na pasikae mtu wala kitu chini yake. Asubuhi kagua kama bolti imeshuka hata kidogo, kama mbao imepinda, kama ufa mpya umeonekana. Mafundi wengine wataona unawapotezea muda. Waambie ni lazima.

Kazi ya nyaya mpe fundi umeme mwenye leseni. Leseni hizo zinatolewa na mamlaka za serikali zinazosimamia nishati: Tanzania Bara EWURA, Zanzibar ZURA, Kenya EPRA. Lakini simama uone mambo manne. Azime kwenye meni swichi, siyo swichi ya ukutani tu, kisha ahakikishe kwa testa. Waya usibebe uzito wowote. Unapita kwenye pete za mnyororo ukiwa umelegea kidogo. Waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, ufungwe kwenye mwili wa chuma wa thurea. Huu ndio unaorukwa mara nyingi, kwa kuwa taa inawaka vizuri bila huo, na hatari yake inajitokeza siku waya wa moto umechubuka na mtu akaushika mwili wa taa akiwa anafuta vumbi. Mwisho, kama balbu ni nyingi, mwombe azigawe kwa swichi mbili, nusu kwa nusu. Ukitaka swichi ya kupunguza mwanga, balbu ziwe zimeandikwa kuwa zinakubali kupunguzwa, la sivyo zitapepesa.

Mwili wa taa unapandishwa kwanza, mtupu. Nyaya zikishafungwa na taa ikawaka ndipo matone ya kioo yanatundikwa, kuanzia tabaka la juu na la ndani kuja la chini na la nje, kwa glavu safi za pamba ili alama za vidole zisibaki. Piga picha kila tabaka kabla ya kuendelea. Siku ya kuoshwa utazihitaji, kwani matone yanafanana lakini hayalingani, na moja likikosewa safu yote inakaa upande.

Kwa vumbi la kila mwezi kinatosha kitambaa kikavu laini, taa ikiwa imezimwa na kupoa. Mara moja au mbili kwa mwaka fanya usafi mkubwa: zima meni swichi, lowesha kitambaa kwa maji yenye spiriti kidogo, futa tone moja moja kwa mkono mmoja na kwa mwingine ulikaushe. Usiipulizie dawa taa yenyewe, maji yataingia kwenye holda. Na usiizungushe ili kufikia upande wa pili. Kila mzunguko unalegeza nati ya juu. Hamisha ngazi.