Kimbunga kikikaribia Ghuba ya Meksiko: dhana potofu na ukweli

Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, mwambao wa kusini mwa Marekani huishi ukiitazama bahari. Taarifa zikitoka tu kwamba kimbunga kimeingia Ghuba, watu wa Houston, New Orleans na Tampa huanza kukumbushana: mwaka ule maji yaliishia barabarani, mwaka ule tulikimbia bure. Waswahili waliohamia huko, kutoka Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi, wengi hawana kumbukumbu hizo, kwa hiyo huazima za majirani. Hapo panahitaji umakini. Kumbukumbu inaeleza kimbunga kimoja kilivyopiga mahali pamoja, na watu wamekufa kwa kuigeuza kuwa utabiri.

"Nyumba hii ilistahimili kile kikubwa, na hiki itakistahimili."

Hakuna dhana tunayoiogopa kama hii. Agosti 1969 kimbunga Camille kilipiga pwani ya Mississippi kikiwa daraja la 5, la juu kabisa, na kusukuma maji ya bahari yaliyopanda mita 7 hivi. Waliookoka walijua alama ya maji ilipoishia. Miaka 36 baadaye, Agosti 2005, Katrina kilifika pwani hiyo kikiwa kimeshuka hadi daraja la 3, na wengi wakapiga hesabu iliyoonekana ya busara: kama maji ya Camille hayakufika hapa, ya hiki hayatafika. Huko Pass Christian maji ya Katrina yalipanda takriban mita 8.5. Nyumba zilizosalimika mwaka 1969 zilisombwa, nyingine zikiwa na watu ndani.

Kasi ya upepo peke yake haiamui maji yatapanda kiasi gani. Upana wa kimbunga, pembe kinayoingilia, mwendo wake, bamvua na kina cha bahari vyote vinahesabika. Katrina kilikuwa kipana kuliko Camille kwa mbali, kilishaisukuma bahari kikiwa bado daraja la 5 huko nje, na bahari iliyo mbele ya Mississippi ina kina kifupi, kwa hiyo maji yanayosukumwa hayana pa kwenda ila juu na nchi kavu.

Kumbukumbu za jirani mzee zina thamani kubwa kwa mambo mengine: barabara ipi hujaa kwanza, mti upi umeoza, umeme hukatika siku ngapi, kituo kipi cha mafuta kina jenereta. Muulize hayo. Swali la kama maji yatafika mlangoni linajibiwa na ramani ya maji ya bahari inayotolewa na Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kwa kimbunga hichohicho kinachokuja.

"Ni daraja la 1 tu."

Madaraja matano yanapima upepo, basi. La 1 huanzia kilomita 119 kwa saa, la 3 kilomita 178, la 5 kilomita 252. Hayasemi lolote kuhusu mvua, upana wala bahari. Na katika vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga nchini Marekani kati ya 1963 na 2012, karibu tisa katika kila kumi vililetwa na maji.

Ike, Septemba 2008, kilikuwa daraja la 2, lakini bahari iliifagia rasi ya Bolivar huko Texas karibu yote. Harvey, Agosti 2017, kilitua Rockport kikiwa daraja la 4, ila kilichoizamisha Houston ni mvua ya siku kadhaa baada ya upepo kulegea: mji wa Nederland, huko huko Texas, ulipata zaidi ya milimita 1,500 katika tukio moja, wakati Dar es Salaam hupata zaidi kidogo ya 1,000 kwa mwaka mzima. Beryl, Julai 2024, kilikuwa daraja la 1, na wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo la Houston walikosa umeme, wengi kwa siku nyingi, katika joto la katikati ya kiangazi.

"Tuko nje ya koni."

Ile koni nyeupe kwenye ramani inaonyesha mahali kitovu cha kimbunga kinapoweza kupita. Upana wa athari haumo ndani yake. Imechorwa kutokana na makosa ya utabiri ya miaka mitano iliyopita, kiasi kwamba takriban mara moja kati ya tatu kitovu hutoka nje. Septemba 2022 macho ya wengi yalikuwa kwenye mstari wa katikati ulioelekea Tampa. Kimbunga Ian kikatua kisiwa cha Cayo Costa, zaidi ya kilomita 100 kusini, na Fort Myers Beach, iliyokuwa ndani ya koni lakini pembeni, ikapata maji ya mita 3 hadi 4.5. Ukipokea ramani kwenye simu, tazama pia saa iliyotolewa: taarifa kamili hutoka kila baada ya saa sita, na picha ya jana inayosambazwa leo ni hatari kuliko kukosa picha.

Kwa waliokulia upande wetu wa Bahari ya Hindi kuna jambo la ziada. Vimbunga kama Kenneth cha 2019 kule Cabo Delgado, au Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024, huzunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, na upande mkali ni wa kushoto mwa njia yake. Kaskazini mwa ikweta mambo hugeuka: upande wa kulia ndio mbaya, kwa kuwa mwendo wa kimbunga na upepo wake husukuma pamoja. Kimbunga kikipanda kaskazini kuelekea pwani ya Ghuba, walio mashariki mwa kitovu ndio wanaoletewa bahari. Walio upande wa pili wanaweza kuona maji yakirudi nyuma, kama Tampa mwaka 2017 wakati wa Irma, na watu wakashuka kutembea juu ya tope. Usishuke. Naples ya Florida siku hiyohiyo maji yalikupwa, kisha upepo ulipogeuka yakarudi kwa kasi.

"Bandika selotepu ya X kwenye vioo" na "fungua dirisha moja ili nyumba ipumue."

Selotepu haizuii kioo kuvunjika. Inachofanya ni kushikilia vipande viwe vikubwa zaidi vinaporuka. Kufungua dirisha ni kubaya zaidi: upepo ukishaingia husukuma paa kutoka ndani huku ule wa nje ukilivuta juu, na paa likiondoka kuta hufuata. Nyumba ina mianya ya kutosha, haihitaji kusaidiwa kupumua.

Kama huna shata za chuma, tumia plaiwudi ya milimita 16. Kata kila kipande kizidi uwazi wa dirisha kwa sentimita 10 kila upande. Toboa matundu kila sentimita 30 pembezoni, na tumia skrubu zinazoingia angalau sentimita 5 kwenye mbao za fremu ya ukuta. Kosa linalojirudia ni kuzifunga kwenye ubao mwembamba wa urembo wa nje, au kutumia misumari, ambayo upepo huing'oa ukitikisa. Ukuta ukiwa wa tofali au zege, weka fisha za chuma mapema, siku ya jua. Andika nyuma ya kila kipande ni cha dirisha lipi. Shiti nzima ina uzito wa zaidi ya kilo 20 na upepo huishika kama tanga, kwa hiyo fanyeni kazi wawili, na mmalize kabla upepo haujafika kilomita 63 kwa saa. Mlango mpana wa banda la gari ndio husahaulika, na mara nyingi ndio huanza kubomoka.

"Ukiambiwa hama, kimbia hadi mji mwingine mkubwa."

Mtu hukimbia maji, na kwa upepo hujificha. Mwaka 2005, wiki chache baada ya Katrina, mamilioni waliondoka eneo la Houston kwa wakati mmoja wakikimbia kimbunga Rita. Magari yalikwama kwa saa nyingi kwenye joto kali, mafuta yakaisha barabarani, na watu wengi zaidi walikufa katika msafara kuliko kwa kimbunga chenyewe. Ukiwa ndani ya eneo lililoamriwa kuhama, mara nyingi makumi ya kilomita kuingia bara, kwenye nyumba imara iliyo juu ya maji, yanatosha. Ukiwa nje ya eneo hilo na nyumba ni imara, kubaki ni uamuzi halali. Nyumba ya kuhamishika ni tofauti: anayeishi humo ahame, popote ilipo.

Herufi za ramani huchanganya hata wenyeji. Huko Florida, kanda A ya uhamaji ina maana utangulie kuondoka. Kwenye ramani za bima ya mafuriko, A ni eneo lenye uwezekano wa asilimia 1 wa kufurika kila mwaka. Ni ramani mbili tofauti, na mtu anaweza kuwa X, eneo la hatari ndogo, kwenye ile ya bima na A kwenye ile ya uhamaji. Tafuta zote mbili kwa anwani yako leo, bahari ikiwa shwari. Na asiye na karatasi za uhamiaji asiogope: Msalaba Mwekundu hauulizi hati hizo kwenye makazi yake ya dharura.

"Upepo umetulia, kimekwisha."

Huenda ni jicho, kitovu tulivu cha kimbunga. Utulivu hudumu dakika chache au hadi saa nzima, kisha ukuta wa pili wa dhoruba huja na upepo unaotoka upande wa pili, ukikuta miti na paa vilivyokwishalegea. Subiri taarifa.

"Jaza bafu, maji ya kunywa yapo."

Maji ya kwenye bafu ni ya choo na usafi. Ya kunywa na kupikia ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano kwa siku saba inahitaji lita 140, kwenye vyombo vyenye vifuniko. Ukilazimika kutibu maji safi ya bomba yaliyotiliwa shaka, tumia jiki isiyo na manukato ya asilimia 6: matone 8 kwa lita 4, subiri dakika 30. Maji ya mafuriko yenye mafuta au kemikali hayatibiki kwa jiki wala kwa kuchemsha.

Friji isipofunguliwa hutunza chakula saa 4, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi na kuikuta imezama chini, chakula kiliyeyuka na kuganda upya, kitupe.

"Jenereta ikiwa barazani na mlango uko wazi, hakuna shida."

Laura, Agosti 2020, kilileta Louisiana bahari ya kutisha, lakini watu walikuwa wamehama. Waliouawa na moshi wa jenereta baadaye walikuwa wengi kuliko waliozama. Ni kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani: haina harufu wala rangi, na maumivu ya kichwa na usingizi hudhaniwa kuwa uchovu. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka nyumbani, ekzosi ikielekea mbali na milango na madirisha, yako na ya jirani. Weka king'ora cha betri cha gesi hiyo vyumbani. Izime ipoe kabla ya kuongeza mafuta. Usiichomeke kwenye soketi ya ukutani: umeme hurudi kwenye nguzo na kumuua fundi anayekutengenezea laini.

"Bima ya nyumba italipa."

Bima ya kawaida ya nyumba, na ile ya mpangaji, hazilipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali hununuliwa kando, hufika hadi dola 250,000 kwa jengo la familia na 100,000 kwa vitu, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Kimbunga kikishaonekana kwenye ramani umechelewa. Anayelipa tarehe 1 Mei analindwa kuanzia tarehe 31, siku moja kabla ya msimu kufunguliwa. Mpangaji naye anaweza kununua ya vitu vyake tu.