Jumapili bila Menengai: yanayosemwa kuhusu kupumzika, na ukweli wake

Kikundi chetu cha mazoezi hapa Nakuru hukutana Section 58 saa kumi na moja na nusu alfajiri, na Jumapili hupanda Menengai. Kutoka mjini hadi ukingoni mwa kreta ni mpando wa karibu mita 400. Anayefika juu akiwa bado na pumzi ya kupiga soga huitwa mvivu, na asiyekuja kabisa hupigiwa simu. Mwaka jana nilikaa wiki nane bila kupanda, si kwa kupenda, na katika wiki hizo kila aliyepiga simu alikuwa na somo lake kuhusu mapumziko. Mengi ya masomo hayo hayakuwa na ukweli. Nayaandika hapa kama nilivyoyasikia.

"Misuli hujengwa jimu. Ukikosa siku, hujengi."

Jimu misuli hubomolewa. Ukiinua chuma kizito, au ukichuchumaa na kusimama mara hamsini, nyuzi za misuli hupata michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, na akiba ya sukari iliyo ndani yake, yaani glikojeni, huliwa. Unapotoka pale una nguvu kidogo kuliko ulipoingia. Ujenzi huanza baadaye, ukila na ukilala. Kwa muda wa saa 24 hadi 48 hivi mwili hutengeneza protini ya misuli kwa kasi kuliko kawaida. Glikojeni nayo hujaa tena kwa takriban siku moja ukila wanga wa kutosha, na kwa upande huo ugali haujawahi kumwangusha mtu.

Ndiyo maana wabeba vyuma wanaojua kazi yao huugawa mwili: leo miguu, kesho kifua na mikono. Mtu wa namna hiyo anaweza kuingia jimu siku nne mfululizo bila shida, kwa sababu miguu inapumzika wakati mikono inafanya kazi. Mwenye shida ni yule anayepiga kifua Jumatatu, Jumanne na Jumatano kwa sababu harusi ya binamu yake ni mwezi ujao.

Tena misuli ndiyo inayopona upesi. Kano hupata damu kidogo, kwa hiyo hujirekebisha polepole. Mfupa ni polepole zaidi: seli zake huanza kwa kuondoa sehemu iliyochakaa, kisha ndipo nyingine huja kuweka mpya, na kazi nzima huchukua miezi. Kati ya kubomoa na kujenga, mahali hapo pana udhaifu. Sasa mtu aliyeanza kukimbia, ikifika wiki ya sita, mapafu yamefunguka, mapaja yamekaza, anajiona simba. Anaongeza kilomita. Kumbe kwenye mfupa wa ugoko mafundi bado wako juu ya ngazi.

Hapo ndipo niliponaswa. Nilikuwa nimekimbia kila siku kwa zaidi ya mwezi, na nikijivunia hesabu yenyewe. Maumivu yalianza ugokoni, upande wa ndani, mguu wa kushoto. Mwanzoni yalikuwa yanaisha nikishapata joto, kama baada ya kilomita moja. "Kimbia nayo, itapoa njiani," wakaniambia, na kweli ilipoa, mpaka wiki ambayo haikupoa. Kisha ikaanza kuniuma nikiwa nimelala. Daktari alibonyeza kidole mahali padogo kama sarafu ya shilingi kumi, nikaruka. Ufa mwembamba wa mfupa, unaotokana na kugongwa mara nyingi bila kupewa nafasi. Wiki nane.

Tangu siku hiyo tofauti naijua. Uchovu wa misuli huenea, mara nyingi miguu yote miwili, na hupungua siku hadi siku. Maumivu yaliyo mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi ukikimbia na kukuamsha usiku, hayo si ya kukimbia nayo. Hayo ni ya kupelekwa kwa daktari wiki hiyo hiyo.

"Kama huumwi kesho yake, hukufanya kitu."

Wengi hupima mazoezi kwa jinsi wanavyoshindwa kukaa chooni siku ya pili. Maumivu yale huanza nusu siku au siku nzima baada ya mazoezi, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huisha. Huletwa hasa na kazi ambayo misuli hurefuka huku imebeba mzigo. Kwa hiyo anayeshuka ngazi za ofisini Jumatatu kinyumenyume asiulaumu mpando wa Menengai. Kilichomtenda hivyo ni mteremko.

Asidi ya laktiki nayo husingiziwa bure. Laktiki inayoongezeka ukijikaza huondoka kwenye damu kwa muda wa saa moja hivi baada ya kutulia. Haiwezi kuwa ndiyo inayokuuma siku mbili baadaye. Na ukirudia zoezi lile lile kwa wiki kadhaa, mwili hulizoea na maumivu hupungua, ilhali faida inaendelea. Kutoumwa ni dalili kwamba mwili umejifunza.

Yapo mawili ya kuangalia, hasa kwa wenzetu wa Kisumu, Siaya na Busia. Kwanza, mwili mzima ukiuma, na pamoja na hayo una homa, baridi ya ghafla au kichwa kinagonga, usiseme "ni mazoezi". Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima, na nimeona mtu akimeza dawa za maumivu siku tatu akidhani ni vyuma. Kapimwe. Tena ukiwa na homa usifanye mazoezi hata kidogo. Si suala la ujasiri, ni suala la moyo, maana baadhi ya virusi hushambulia misuli ya moyo, na kujikaza wakati huo ni hatari. Pili, ukiona mkojo umegeuka rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli ikiharibika kupita kiasi humwaga vitu ndani ya damu vinavyoweza kuziumiza figo. Mara nyingi huwapata wanaoanza kwa fujo, au waliorudi baada ya miezi mingi wakitaka kulipia yote kwa siku moja.

"Wakimbiaji wetu hawapumziki. Ndiyo maana wanashinda."

Hili husemwa na watu ambao hawajawahi kumwona mkimbiaji wa Iten saa nane mchana. Wakati huo amelala. Kambini usingizi wa mchana umo kwenye ratiba, na mbio za polepole za asubuhi huanza kwa mwendo ambao hata mgeni mwenye kitambi anaweza kuufuata kilomita ya kwanza. Vikundi vingi huko juu havikimbii Jumapili kabisa. Watu wako kanisani.

Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, katika mbio maalumu zisizohesabiwa kuwa rekodi ya dunia, amewahi kueleza kwamba hujikaza siku tatu kwa wiki, yaani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na hata siku hizo huenda kwa asilimia 80 hivi ya uwezo wake. Siku nyingine ni nusu tu. Soma hesabu hiyo tena. Mtu aliyeshinda dhahabu mbili za Olimpiki kwenye marathoni hafanyi mazoezi kwa asilimia mia, na sisi wa Section 58 tunataka kutapika kila alfajiri.

Na Kiptum je? Ni swali la haki. Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 huko Chicago Oktoba 2023, alijulikana kwa kukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki, bila siku maalumu ya kupumzika. Lakini kocha wake, Gervais Hakizimana, ndiye aliyesema hadharani kwamba anahofia kijana angevunjika akiendelea vile, na kwamba alikuwa amemshauri apunguze. Hatukupata kuona ingefika wapi. Ajali ya barabarani ya Februari 2024 iliwachukua wote wawili.

"Ukikosa siku mbili tu, unarudi nyuma."

Hapana. Nguvu za misuli hudumu wiki tatu hadi nne bila kushuka kwa kiasi cha kukutia wasiwasi. Pumzi huanza kupungua mapema zaidi, lakini nayo huhesabiwa kwa wiki. Ukirudi baada ya siku mbili ukajiona mzito, hiyo ni hisia tu. Kimbia kilomita mbili itakutoka.

Mizani pia hudanganya. Kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji, kwa hiyo baada ya kupumzika na kula vizuri mshale unaweza kupanda hata kilo moja. Ni maji na mafuta ya gari yaliyorudi kwenye tangi. Anayekaa na njaa siku ya mapumziko "kwa sababu leo sikutoka jasho" anamnyima fundi matofali siku ya kujenga.

Na kwa anayedhani mapumziko marefu ni kaburi: Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, akakaa mbali na mashindano kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha akarudi na kutwaa dhahabu ya mita 1500 Tokyo, na nyingine Paris mwaka 2024.

"Siku ya kupumzika ni ya kulala kochini."

Waweza kulala, hakuna polisi. Lakini kutembea, kunyoosha viungo au kuendesha baiskeli taratibu hakuharibu chochote, na wengi hujisikia vizuri zaidi. Nitie pia neno kwa upande wa pili, kwa sababu kuna waliolishika jambo la mapumziko kupita kiasi: kutembea kwa kawaida hakuhitaji siku ya mapumziko. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kila wiki. Mama anayetembea nusu saa kila siku kwenda sokoni na kurudi anatimiza hayo, na hana sababu ya kujifungia ndani Jumapili eti mwili upone.

"Mimi hupumzika. Jimu naenda siku tatu tu."

Haya ni ya shemeji yangu wa Kisumu, fundi wa ujenzi, na ndiyo dhana iliyonisumbua kuliko zote kwa sababu inafanana sana na ukweli. Alikuja kwetu Desemba akilalamika kwamba mwaka mzima kifua hakijaongezeka, bega linauma, usingizi hauji, na nyumbani wanamwambia amekuwa mkali.

"Shem, siku tatu kwa wiki, kama ulivyoniambia," akasema.

"Na hizo nyingine?"

"Hizo niko kazini."

Kazini ni kupandisha zege kwa karai hadi ghorofa ya tatu, na mfuko wa saruji ni kilo 50, chini ya jua la Kisumu. Kisha jioni anakwenda kuinua vyuma. Mwili haujui kwamba ule mzigo ulikuwa wa mshahara na huu ni wa kifua. Unahesabu wote pamoja. Siku zake za "mapumziko" zilikuwa ndizo nzito kuliko za jimu.

Si yeye peke yake. Katika kikundi chetu yuko mama mmoja ambaye Jumamosi haji, "napumzika". Jumamosi hiyo huteka mitungi mitano ya lita 20, hufua nguo za watu sita kwa mkono akiwa ameinama kwenye beseni, kisha huingia shambani. Jumapili tunapanda naye Menengai na tunashangaa kwa nini mgongo unamlilia. Mhudumu wa boda anayekaa juu ya pikipiki saa kumi na mbili, muuguzi wa zamu ya usiku, wote hao wana mzigo ambao hakuna ratiba ya jimu inayouandika.

Dalili za mwili ulioelemewa zilikuwa zote kwa shemeji: uchovu usioisha hata baada ya kulala, hasira za karibu, mafua ya kila mara, uzito uleule wa chuma unaozidi kuwa mgumu. Kwa wanawake iongeze hedhi kukatika au kuruka, ambayo si sifa ya mazoezi bali ni ishara kwamba chakula hakitoshi kazi inayofanywa. Kipimo rahisi ni mapigo ya moyo: yahesabu asubuhi kabla hujatoka kitandani, kwa wiki moja ya kawaida, ujue yako ni mangapi. Yakipanda juu ya hapo siku kadhaa mfululizo, punguza.

Tulikaa na shemeji tukachora wiki yake, tukianza na siku za zege. Jimu ikabaki mara mbili, siku ambazo kazi ni ya kupiga plasta tu. Siku za karai anakwenda nyumbani moja kwa moja, anakula, na saa tatu usiku simu inazimwa ili apate angalau saa saba. Mwezi wa pili alinipigia.

"Bega limetulia," akasema. "Lakini Shem, kijana wa pale jimu ananiuliza kwa nini siku hizi nimepotea."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia aje anisaidie kubeba karai siku moja, halafu tuongee."