Prado 150: yanayosemwa barabarani na ukweli wake

“Prado ni foo-wili muda wote, haikwami.”

Nusu ni kweli. Land Cruiser Prado ya toleo la 150, iliyoanza kutoka kiwandani 2009, husukuma magurudumu yote manne wakati wote. Difu (gia zinazogawa nguvu) ya katikati huigawa, kwa kawaida asilimia 40 mbele na 60 nyuma. Lakini difu ya mbele haina kufuli, na ya nyuma hufungwa kwa matoleo machache tu. Kama gari lako lina kufuli hilo, utaona swichi yake kwenye dashibodi. Kitufe cha kufunga difu ya katikati hulazimisha ekseli mbili zizunguke sawa, hakiunganishi tairi la kushoto na la kulia. Kwa hiyo ukiingia korongo kwa mshazari, tairi moja la mbele na moja la nyuma yakaning'inia, nguvu hukimbilia hayo yaliyo hewani.

Hapo A-TRC, mfumo wa kuzuia tairi kuzunguka bure, ndiyo huokoa, kwa kukamata breki ya tairi linalozunguka bure. Utasikia trrr chini ya boneti na gari halitasogea papo hapo. Wengi hushtukia mlio huo, wakaachia mafuta, na kazi ikaishia hapo. Kanyaga kidogo, mguu utulie, subiri tairi lishike.

L4, yaani gia nzito ya magurudumu manne, nayo huwekwa kabla ya tope, si baada ya kuzama hadi ekseli: simama kabisa, gia iwe N (huru), zungusha swichi, ngoja taa iache kumeta. Ukirudi lamini, kama ulifunga difu ya katikati, ifungue. Ukisahau, usukani unakuwa mzito kwenye kona, matairi yanalia, na mfumo mzima unajikaza bure.

“Njia mbaya inataka tairi lililojaa upepo.”

Kinyume chake. Kibandiko cha mlangoni husema upepo wa kawaida. Kwa tairi la saizi 265/65R17 ni kama psi 29. Kwenye mchanga shusha hadi 18 hivi, tairi litanuke na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Ukishashusha, usizidi km 40 kwa saa na usikate kona ghafla, maana tairi litachomoka kwenye rimu. Bila pampu ya kujazia njiani, usishushe. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, hata upepo sahihi hausaidii sana kama una matairi ya lami: vijia vyake hujaa tope mzunguko wa kwanza tu.

“4x4 husimama haraka.”

Hapana. Hii ndiyo dhana inayoua. Nguvu ya magurudumu manne husaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya breki na matairi, na hapa unasimamisha zaidi ya tani mbili. Ndani kumetulia, springi zinameza mashimo, dereva anadhani yuko 60 kumbe yuko 90. Akikanyaga breki pua inazama, na kwenye changarawe ABS (mfumo unaozuia tairi lisigande ukifunga breki) mara nyingi hurefusha umbali wa kusimama. Mwendo tazama kwenye saa ya spidi, si kwa kuhisi.

“Ina bomba la hewa la paani, mto ni wako.”

Kina kinachotajwa ni milimita 700, kwa maji yaliyotulia. Yanayokwenda kasi hulisukuma gari pembeni hata yakiwa chini ya hapo, hasa kwenye daraja mfuto. Pita kwa L4, gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa mtu atembeaye, usisimame katikati. Injini ikizimika majini usipige stata: maji yakiwa ndani ya silinda, konrodi (mkono wa pistoni) itapinda. Ukitoka, kagua oili ya difu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imwage.

“Dizeli ni dizeli.”

Injini ya dizeli ya 1KD, ya lita 3.0, ina ugonjwa unaojulikana: washa (pete) za shaba chini ya nozo zinazopuliza mafuta huvujisha, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la kunyonyea ndani ya sampu (bakuli la oili). Dalili ni mgongano injini ikiwa baridi, kisha taa ya oili. Nozo zikifunguliwa, weka washa mpya, na fundi ashushe sampu aangalie chujio. Injini hiyo pia ina mkanda wa taimingi. Injini ya 1GD ya lita 2.8 hutumia cheni. Ila 1GD iliyotoka Japani ina tangi la AdBlue (maji ya urea ya kusafisha moshi), na likiisha, ukizima injini haiwaki tena. Kabla ya kununua, uliza AdBlue inauzwa wapi karibu nawe.