Ganzi ya miguu kwa mwenye kisukari: tiba ya Kichina inasaidia?

Kwa nini miguu inakufa ganzi au kuwaka moto?

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu neva (mishipa ya fahamu) pamoja na vimishipa vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu huumia kwanza, ndiyo maana dalili huanzia vidoleni mwa miguu na kupanda. Wapo wanaochomwachomwa usiku kucha, na wapo wasiohisi chochote. Mimi huhofia zaidi hali ya hao wa pili, maana hawajui wanapoumia.

Waganga wa Kichina wanauelezaje ugonjwa huu?

Kwao, nguvu ya mwili (qi) imepungua, hivyo damu haisukumwi ikafika nchani. Dawa yao mashuhuri, Huangqi Guizhi Wuwu Tang, inatoka kwa tabibu Zhang Zhongjing wa mwisho wa enzi ya Han, yapata miaka 1,800 iliyopita. Huchemshwa mizizi ya huangqi na ya peoni, vijiti vya mdalasini, tangawizi mbichi na kunazi kavu za Kichina. Mdalasini na tangawizi si vigeni kwa jikoni mwetu, lakini hilo halifanyi mchanganyiko mzima kuwa chai tu.

Pia huchoma sindano nyembamba, hasa sehemu iitwayo Zusanli chini ya goti, hufukiza ngozi kwa pakanga inayowaka, na huloweka miguu katika maji moto ya mitishamba.

Inafanya kazi kweli?

Mwaka 2013 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulipitia majaribio 49 ya mitishamba hiyo. Mengi yalidai nafuu, ila yalifanywa ovyo kiasi kwamba hakuna hitimisho la kutegemewa lililopatikana. Sindano nazo zimeonyesha kupunguza maumivu katika baadhi ya tafiti ndogo. Hakuna kati ya hizi inayochukua nafasi ya kushusha sukari.

Hatari iko wapi?

Kwanza kwenye beseni. Mguu wenye ganzi haujui kuwa maji yanaunguza. Lengelenge hugeuka kidonda, kidonda huoza, na kuna waliokatwa mguu kwa njia hiyo. Ni bora usiloweke kabisa. Pakanga inayowaka ni hatari ileile. Sindano nazo ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako, na zisichomwe kwenye mguu wenye kidonda.

Kisha kuna vidonge vya "asili". Mwaka 2008 huko Singapore, watu walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, na baadhi walifariki, baada ya kumeza vidonge vilivyochanganywa kwa siri na glibenclamide, dawa ya hospitali ya kushusha sukari. Vilivyohusika zaidi viliuzwa kama vya kuongeza nguvu za kiume. Mitishamba yenye asidi ya aristolokia huua figo, na za mgonjwa wa kisukari huenda tayari zimechoka. Danshen, mzizi mwingine wa Kichina, nayo huzidisha nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata mtu akavuja damu.

Nikiamua kujaribu?

Mwonyeshe daktari wako pakiti yenyewe. Usiache dawa zako, na pima sukari mara nyingi zaidi. Kama umetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka, omba kipimo cha vitamini B12, maana upungufu wake pia huleta ganzi. Maumivu yakikunyima usingizi, amitriptyline, duloxetine au pregabalin huweza kuyatuliza, ingawa haziponyi neva. Kagua nyayo kila jioni kwa kioo. Ukiona kidonda, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama hakiumi.