Kibanda chepesi nacho kinahitaji msingi wa kina

Wengi husema kibanda cha mbao ni chepesi, kwa hiyo nguzo za zege za futi moja zinakitosha. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kitengela au Athi River, Kenya, wepesi huo ndio hatari yenyewe. Mvua ikinyesha, udongo hufura na kuzisukuma nguzo juu. Ghorofa huukandamiza, kibanda hakina uzito huo. Kiangazi udongo hunywea, ardhi ikapasuka nyufa za kuingiza kiganja, na kila nguzo ikashuka kivyake. Milango hugoma kufunga. Chimba hadi uvuke udongo mweusi, ufikie moramu (udongo mgumu wa changarawe) au mwamba. Panua kitako cha shimo, nondo zishuke mpaka chini. Na tafadhali, zege usiliache likaushwe na jua: limwagilie maji angalau siku 7.