Nyayo za kiikolojia: dhana potofu zinazotupotezea nguvu

Wengi wanaoamua kupunguza mzigo wanaoutwika mazingira, yaani nyayo zao za kiikolojia, huanzia pale jicho linapotua: mfuko wa plastiki, mrija, chaja iliyosahaulika ukutani. Nia ni njema na sitaki mtu yeyote aiache. Ila ukikaa chini ukapima, unagundua kwamba mambo tunayoyaonea haya zaidi mara nyingi ndiyo madogo, na yale makubwa yanapita kimyakimya. Dhana zifuatazo ndizo zinazochangia sana hali hiyo.

"Nyayo za kiikolojia ni hewa ukaa tu."

Hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, ni sehemu yake. Kipimo hiki kilibuniwa na William Rees na Mathis Wackernagel katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kinauliza swali la eneo: ili wewe ule, uvae, ujenge, usafiri na uchafu wako umezwe, inahitajika ardhi na bahari kiasi gani? Hapo hujumlishwa mashamba, malisho, maeneo ya uvuvi, misitu ya mbao, ardhi iliyojengwa, na msitu ambao ungehitajika kufyonza kaboni dioksidi unayosababisha. Jibu huja kwa hekta za kimataifa, yaani hekta yenye uzalishaji wa wastani wa dunia. Nyayo za kaboni, yaani hewa ukaa unayosababisha peke yake, hupimwa kwa kilo au tani. Watu huchanganya viwili hivi kwa sababu kaboni peke yake inachukua takriban asilimia 60 ya nyayo za dunia nzima.

Kwa wastani, kila mtu duniani ana fungu la hekta kama 1.5, ilhali tunatumia kama 2.6. Pengo hilo tunalijaza kwa kula mtaji badala ya faida: samaki wanavuliwa haraka kuliko wanavyozaliana, miti inakatwa kabla haijakua tena, na kaboni inarundikana angani.

"Kikokotoo kimenipa namba, basi hiyo ndiyo namba yangu."

Vikokotoo vingi vya nyayo za kiikolojia huanza na wastani wa nchi unayoishi, kisha huurekebisha kwa majibu yako. Ukijaza viwili tofauti, usishangae vikikupa majibu mawili. Isitoshe, sehemu ya namba hiyo haimo mikononi mwako: barabara, hospitali na majengo ya serikali hugawanywa kwa wananchi wote, hata kwa yule anayetembea kwa miguu na kula kwa kiasi. Nimeona watu wakikata tamaa kwa sababu hiyo, na inasikitisha, maana namba hii ina manufaa makubwa ikitumiwa ipasavyo. Tumia kikokotoo kilekile mwaka hadi mwaka, ujilinganishe na wewe mwenyewe. Usijaze kwa kukisia. Chukua bili za umeme za mwaka mzima, hesabu lita za mafuta, orodhesha safari za ndege. Na ukumbuke kuwa kipimo hiki hakihesabu sumu, wala plastiki inayoelea baharini, kwa hiyo namba ndogo haimaanishi kwamba huna dosari.

"Kuchomoa chaja ya simu kunaleta tofauti kubwa."

Hapa hesabu inasema yenyewe. Kupasha lita 50 za maji ya kuoga kutoka nyuzi 20 hadi 40 kunahitaji kilowati-saa 1.16, yaani uniti moja na ushee. Kujaza betri ya simu hakufiki hata sehemu ya thelathini ya hapo. Chaja ya kisasa iliyoachwa kwenye soketi bila simu hula chini ya nusu wati. Iache miezi mitatu mfululizo, bado haijafikisha umeme wa kuoga maji moto mara moja. Ichomoe ukipenda, lakini mwenye hita ya umeme akifupisha muda wa kuoga ameokoa zaidi asubuhi moja. Kwa ujumla, umeme mwingi nyumbani huliwa na vitu vinavyopasha na kupoza: hita, jiko, kiyoyozi, jokofu.

"Chakula kilichosafirishwa kutoka mbali ndicho kibaya."

Usafirishaji ni chini ya asilimia 10 ya gesi joto, yaani gesi zinazopasha dunia, zinazotokana na chakula. Kinachoamua zaidi ni chakula chenyewe. Nyama ya ng'ombe inahitaji malisho mapana au mashamba ya chakula cha mifugo, na ng'ombe mwenyewe anapocheua hutoa methani, mojawapo ya gesi hizo. Maharage yaliyovuka bahari kwa meli bado yana mzigo mdogo sana kuliko nyama iliyochinjwa jirani. Cha kuangalia ni vyakula vinavyoharibika upesi ambavyo husafirishwa kwa ndege. Hivyo kweli ni vizito.

Kisha kuna kinachotupwa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 zilipotea tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Shamba, maji na mafuta ya kupikia, vyote vilitumika bure.

"Mfuko wa kitambaa ni bora siku zote."

Ni bora ukiutumia. Utafiti wa serikali ya Denmark wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba mfuko wa pamba ya kawaida unapaswa kutumika angalau mara 52 ndipo ulingane na ule wa plastiki kwa upande wa tabianchi pekee. Kabati lililojaa mifuko ya bure ya pamba halijamsaidia mtu.

"Mtu mmoja hawezi kubadili kitu."

Wengine husema kinyume chake, kwamba kila kitu ni juu ya mtu binafsi. Msemo wa nyayo za kaboni wenyewe ulienezwa sana na matangazo ya kampuni ya mafuta ya BP katika miaka ya 2000, na naona ni haki kuuliza nani ananufaika tukijilaumu sisi tu. Mpangaji hana mamlaka juu ya mtambo unaozalisha umeme wake, wala hawezi kupanda basi ambalo halipo. Anaweza kupunguza nyama, kukaa na simu yake miaka zaidi, na kughairi safari ya ndege isiyo ya lazima. Basi na umeme safi atavidai pamoja na majirani zake, kwenye mikutano ya hadhara na kwenye sanduku la kura.